Jengo la Ofisi Linalofikika na Watu Wenye Ulemavu: Mwongozo Kamili wa Ubunifu, kutoka Kituo cha Daladala hadi Mezani

Majengo mengi ya ofisi yaliyojengwa Tanzania katika miaka ya karibuni yana rampu mbele ya mlango, na wenye majengo huionyesha kwa fahari. Ukiipima, hata hivyo, mara nyingi utakuta kwamba imechomekwa kando ya ngazi katika nafasi iliyobaki, ni kali kiasi kwamba mtu mwenye kiti mwendo hawezi kuipanda bila kusukumwa na watu wawili, na inaishia kwenye mlango wa pembeni ambao umefungwa kwa kufuli. Rampu ya namna hiyo hailetwi na uchoyo wala dharau. Huletwa na mpangilio mbaya wa kazi, kwa sababu suala la ulemavu liliingizwa wakati msingi umekwisha kumwagwa zege. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mfuatano wa kazi yenyewe, tangu mchoro wa kwanza hadi siku ya makabidhiano, ukimchukulia msomaji kuwa ni mwenye jengo, mbunifu majengo au mkandarasi anayeanza jengo la ofisi la ghorofa mbili hadi nne mjini.

Wajibu wa kisheria upo na hauna haja ya kubishaniwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Kifungu cha 9 cha mkataba huo kinahusu ufikikaji. Mwaka uliofuata ilitungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, ambayo pia inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kuwa angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Kwa Kenya, Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa namna inayofaa. Mbunifu azingatie hasa lile sharti la ajira, kwa sababu linabadilisha swali zima: mtu mwenye ulemavu si mgeni tu anayekuja kuchukua fomu kaunta na kuondoka, ni mhasibu, karani wa masijala au mkurugenzi atakayeshinda humo saa nane kila siku.

Vipimo vitakavyotajwa hapa vinakaribiana na vinavyotumika katika viwango vya kimataifa vya ufikikaji, kikiwemo ISO 21542, kilichotolewa mwaka 2011 na kupitiwa upya mwaka 2021. Pale ambapo halmashauri au kanuni za nchi zinadai zaidi, zifuatwe hizo.

Hatua ya kwanza: kaa na watumiaji kabla ya kuchora

Orodhesha watu watakaolitumia jengo, na uwe mahususi. Yupo anayetumia kiti mwendo, na yupo anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, chombo kirefu na kipana kuliko kiti mwendo, kinachoonekana katika barabara zetu. Yupo anayetembea kwa magongo, ambaye sakafu yenye utelezi inamtisha kuliko ngazi. Wapo wasioona wanaotumia fimbo nyeupe, na wapo wenye uoni hafifu, miongoni mwao watu wengi wenye ualbino, ambao mwanga mkali unawaumiza na maandishi madogo yanawashinda. Wapo viziwi, wapo watu wa kimo kifupi, na wapo wenye ulemavu wa akili ambao jengo lenye korido zinazofanana pande zote huwapoteza.

Kisha watafute. Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu Tanzania, yaani SHIVYAWATA, pamoja na vyama vyake kama Chama cha Viziwi na Chama cha Wasioona, vinaweza kukupatia watu wa kupitia mchoro pamoja nawe. Waite wakati mchoro ungali wa penseli, walipe nauli na muda wao kama unavyomlipa mtaalamu mwingine yeyote, na uweke mkalimani wa Lugha ya Alama katika bajeti ya kikao. Kuwaalika siku ya uzinduzi wakate utepe ni adabu njema, lakini siku hiyo hakuna ukuta utakaosogezwa.

Hatua ya pili: amua usawa wa sakafu ya chini

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na mtu akikosea hapa hakuna kifaa cha kununua baadaye kitakachomwokoa. Kwa hofu ya mafuriko ya masika, na pengine kwa kupenda jengo lionekane la heshima, sakafu huinuliwa juu ya ardhi kwa milimita 450, 600 au zaidi. Tuchukue 600. Ngazi nne za milimita 150 kila moja zinatosha, na zinakula chini ya mita moja ya kiwanja. Rampu ya mwinuko wa 1 kwa 12, yaani inayopanda mita 1 kwa kila mita 12 za mlalo, ambao ndio ukali wa juu kabisa unaokubalika, inahitaji mita 7.2 za mteremko peke yake. Ongeza sehemu tambarare ya mita 1.5 chini, nyingine juu mbele ya mlango, na nyingine katikati ya kupumzikia, nawe utafika mita 11.7. Mbunifu aliyeacha mita tatu tu atajenga mwinuko wa 1 kwa 5, ambao ni mteremko wa kupakia mizigo kwenye lori.

Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe «rampu itakaa wapi», bali «kwa nini sakafu ipande kiasi hicho». Kiwanja kikiwa na mteremko, lango kuu liwekwe upande wa juu ili ardhi yenyewe ikufikishe kwenye sakafu. Kiwanja kikiwa tambarare na jengo likarudishwa nyuma mita 12 kutoka mpakani, uwanja wa mbele unaweza kuinuliwa polepole kwa 1 kwa 20, na katika mita hizo 12 utakuwa umepanda milimita 600 zote bila ngazi na bila rampu. Kila mtu anaingia kwa njia moja, na mwenye jengo anaokoa gharama ya mabomba ya kushikia. Maji ya mvua yadhibitiwe kwa mfereji wenye chujio la chuma mbele ya mlango, matundu yake yasizidi upana wa milimita 13 na yalale kukingama mwelekeo wa mtu anayepita, ili gurudumu dogo la kiti mwendo au ncha ya fimbo isinase. Mimi naupendelea uwanja ulioinuliwa kuliko rampu yoyote, na ningeuacha pale tu ambapo kiwanja ni kifupi mno.

Kama rampu haiepukiki, basi ijengwe kwa ukamilifu. Lenga 1 kwa 15 au laini zaidi na uichukulie 1 kwa 12 kuwa ukomo. Upana wa kupita usipungue milimita 1200, na 1500 ni bora. Weka sehemu tambarare ya mita 1.5 kila rampu inapopanda takriban milimita 500 na kila inapogeuka. Mabomba ya kushikia yawe pande zote mbili, kwa kimo cha milimita 900, na la pili chini yake kwenye 700 kwa watu wafupi. Yarefushwe milimita 300 kupita mwanzo na mwisho wa mteremko, kwa sababu mtu anahitaji kushika kabla hajaanza kupanda na si baada ya kuanza. Kingo ziwe na ukuta mdogo wa milimita 100 ili gurudumu lisitoke. Uso wake uwe wa zege lililopigwa fagio. Marumaru za kung'aa, zinazopendwa sana, hugeuka sabuni mvua inaponyesha. Ukiweza kuiezeka, iezeke.

Hatua ya tatu: kutoka barabarani hadi mlangoni

Katika miji yetu, kati ya barabara na kiwanja huwa kuna mfereji, na kidaraja chake mara nyingi kimejengwa kwa ajili ya magari tu. Chora njia ya waenda kwa miguu kutoka mahali daladala na bajaji zinaposimama hadi mlangoni, upana wa angalau milimita 1500, tofauti na ya magari, bila nguzo wala vyungu vya maua katikati. Kama sehemu ya njia hiyo iko nje ya mpaka wako, andikia halmashauri mapema; mkandarasi wako atakuwa na zege na mashine mahali hapo hapo, na kazi ya siku mbili inaweza kukamilisha kile ambacho mamilioni ndani ya uzio hayawezi.

Maegesho ya magari ya watu wenye ulemavu yawe karibu na mlango, upana wa milimita 3600 kila moja, ili mlango wa gari ufunguke wote na kiti mwendo kiwekwe kando. Ongeza eneo lililoezekwa kwa ajili ya baiskeli za magurudumu matatu, lenye nafasi ya mtu kuhamia kwenye kiti mwendo cha ofisi. Kivuli hicho kinawafaa pia watu wenye ualbino. Ofisi inayopanga foleni ya wateja juani inawaadhibu kwa kuja kwao, hivyo foleni ipangiwe paa tangu kwenye mchoro.

Usisahau kibanda cha mlinzi. Dirisha la kusajili wageni lililo juu ya milimita 1100 halimwoni mtu aliyeketi, na geti dogo lenye kizingiti cha chuma cha kuruka linamzuia kabla hata hajauona mlango wa jengo. Vizuizi vya kuzunguka viwe na njia pana kando yake, yenye upana wa milimita 900 au zaidi, inayofunguliwa bila kutafuta ufunguo.

Hatua ya nne: milango na mapokezi

Kipimo cha mlango kinachozingatiwa ni nafasi halisi ya kupita ubao ukiwa umefunguliwa, si ukubwa wa fremu. Fremu ya milimita 900 hubaki na nafasi ya takriban 800 au pungufu ukitoa unene wa ubao na miimo, nayo ni finyu. Agiza fremu ya 1000 ili upate angalau 850. Vitasa viwe vya mkono wa kusukuma chini, kati ya milimita 900 na 1100 kutoka sakafuni, kwa sababu kitasa cha duara kinamshinda mwenye udhaifu wa vidole. Vizingiti viondolewe, na pale penye ulazima wa kuwa navyo, kimo kisizidi milimita 13 na kingo zichongwe mteremko. Upande wa kitasa, mlango unapofunguka kuelekea kwako, acha ukuta wazi wa milimita 500 hivi ili mtu wa kiti mwendo asimame bila kugongwa. Milango ya kioo ipigwe mistari yenye rangi inayoonekana kwenye kimo cha macho ya aliyesimama na cha aliyeketi.

Kaunta ya mapokezi iwe na sehemu iliyoshuka hadi milimita 750 au 800, yenye nafasi ya magoti chini yake. Mpokezi asikae dirisha likiwa nyuma yake: mwanga unaotoka mgongoni huufanya uso kuwa kivuli, kiziwi anayesoma midomo hapati kitu, na mwenye uoni hafifu anaona doa tu. Kugeuza kaunta kwenye karatasi hakugharimu shilingi.

Hatua ya tano: korido, ngazi na lifti

Korido ya milimita 1500 inamwezesha mtu wa kiti mwendo kugeuka. Ya 1800 inawaruhusu wawili wapishane. Vizima moto, masanduku ya umeme na viyoyozi visitokeze ukutani kwa kimo ambacho fimbo nyeupe inapita chini yake na kichwa kinakutana navyo. Vizamishwe ukutani au chini yake pawekwe kitu ambacho fimbo itakigusa.

Ngazi nazo ni za watu wenye ulemavu, hasa wanaotembea kwa magongo na wasioona. Kila kipandio kiwe sawa na kingine, kimo kati ya milimita 150 na 170 na upana usiopungua 280, ukingo wake ukiwa na mstari wa rangi inayopingana. Nafasi ya chini ya ngazi izibwe ili asiyeona asijigonge.

Jengo la ghorofa linahitaji lifti. Chumba chake kisipungue milimita 1100 kwa 1400, mlango uwe 900 ukiweza, vitufe viwe kati ya 900 na 1200 kutoka sakafuni vikiwa na maandishi ya nukta nundu, yale ambayo wasioona huyasoma kwa vidole, na kioo kiwekwe ukuta wa nyuma ili anayetoka kinyumenyume aone anakokwenda. Muagizaji aandike kwenye zabuni kwamba sauti itangaze ghorofa kwa Kiswahili. Mara nyingi jambo hili halikumbukwi mpaka lifti imeshafungwa. La muhimu zaidi ni umeme: lifti iunganishwe na jenereta, na iwe na mfumo wa kuishusha hadi ghorofa ya karibu na kufungua mlango umeme unapokatika.

Kama fedha ya lifti haipo sasa, kuna njia ya uaminifu na njia ya kujidanganya. Njia ya uaminifu ni kujenga shimo la lifti na kuliacha likisubiri, na wakati huohuo kuweka ghorofa ya chini huduma zote za wateja, chumba cha mikutano, choo kinachofikika na ofisi za kutosha ili mfanyakazi wa kiti mwendo asitengwe na idara yake. Kujidanganya ni kusema kwamba walinzi watambeba. Mtu mzima habebwi mgongoni kwenda kazini kila asubuhi.

Hatua ya sita: choo

Nimeona michoro mizuri ikiharibikia chooni. Chumba kiwe na milimita 1700 kwa 2200, kwa kuwa mafundi hula sentimita kadhaa kwa lipu na marumaru. Bakuli la kukaa liwe na kimo cha milimita 450 hadi 480. Vyoo vya kuchuchumaa vinaweza kubaki katika vyumba vingine, lakini si hiki. Katikati ya bakuli iwe milimita 450 hadi 500 kutoka ukuta mmoja, na upande wa pili paachwe nafasi tupu ya 900 ambamo kiti mwendo kitasimama sambamba mtu ahamie. Bomba la kushikia lifungwe ukutani upande mmoja, na la kukunja upande ulio wazi. Yote mawili yabebe zaidi ya kilo 110. Fundi aambiwe mahali pake kabla ya kujenga ukuta, ajaze zege kwenye tofali zenye matundu, maana skrubu iliyoshikwa na lipu tu hung'oka siku mtu anapoitegemea kwa uzito wake wote.

Kwetu watu hujisafisha kwa maji, hivyo bomba la kujisafishia lifikiwe na aliyekaa, si lililofungwa nyuma yake. Na kwa sababu ya maji hayo, mafundi wamezoea kushusha sakafu ya choo au kuinua kizingiti ili yasitoke koridoni. Desturi hiyo peke yake inatosha kukifanya choo chote kisifikike. Badala yake, sakafu ipewe mwinamo wa 1 kwa 50 kuelekea kitundu cha maji kilicho mbali na mlango, nayo pimamaji ithibitishe kabla ya marumaru kukauka.

Mlango ufunguke kwenda nje, kwa kuwa mtu akianguka ndani na mlango unafunguka kwake, mwili wake ndio unaouzuia. Sinki lisizidi kimo cha milimita 850, liwe na nafasi ya magoti ya 700 chini yake, na koki ya mkono mmoja. Kamba ya kuomba msaada ishuke hadi milimita 100 kutoka sakafuni, na ilie mahali penye mtu.

Hatua ya saba: macho na masikio

Fremu ya mlango, ukuta na sakafu vitofautiane kwa weusi na weupe, si kwa jina la rangi; piga picha isiyo na rangi kwa simu, na kama mlango umepotea ukutani, badilisha. Epuka sakafu za kung'aa zinazorudisha jua. Madirisha ya mashariki na magharibi yapewe vivuli vya nje.

Vigae vya kuongoza wasioona vilibuniwa na Seiichi Miyake wa Japani na kuwekwa kwa mara ya kwanza Okayama mwaka 1967, na lugha yake ni fupi: mistari maana yake endelea, nukta maana yake simama na uangalie. Ziweke nukta juu, pale ngazi zinapoanza kushuka, na mbele ya lifti. Kuzitandaza uwanja mzima kama pambo ni sawa na kuandika neno «hatari» kwenye kila ukuta.

Vibao vya vyumba viwekwe ukutani upande wa kitasa, kimo cha milimita 1400 hadi 1600, herufi zikiwa zimeinuka na nukta nundu chini yake. Mfumo wa kuita namba za foleni uwe na sauti na skrini kwa pamoja. Chumba cha mikutano kiwe na mwanga wa kutosha mahali mkalimani atakaposimama.

Hatua ya nane: moto

Lifti za kawaida hazitumiki jengo likiungua, kwa hiyo kila uliyemwezesha kupanda lazima umwezeshe kushuka. Karibu na kila ngazi ya dharura, ndani ya kuta na mlango unaohimili moto, acha eneo la kusubiri la milimita 900 kwa 1400 kwa kila kiti mwendo, nje ya njia ya wanaoshuka, lenye simu au kitufe cha kuwasiliana na walinzi. Weka kiti maalumu cha kuteremshia mtu kwenye ngazi na uwafundishe wafanyakazi kukitumia. King'ora kiambatane na taa za kumweka, pamoja na vyooni, ambako kiziwi anaweza kuwa peke yake. Mpango huo uwasilishwe kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji pamoja na michoro, na mazoezi yafanyike watu wenye ulemavu wakiwemo, si wakiombwa kubaki mezani.

Hatua ya tisa: gharama na ukaguzi

Kila kitu kilichotajwa kiandikwe kama kipengele chake katika jedwali la vipimo na gharama. Kikiandikwa kwa jumla, «pamoja na mahitaji ya watu wenye ulemavu», ndicho kitakachokatwa fedha zikipungua, tena bila mtu kugundua.

Kagua mara tatu. Mara ya kwanza ni kabla ya kumwaga zege la msingi, ukithibitisha usawa wa sakafu dhidi ya ardhi iliyopo kweli na si ile ya mchoroni. Mara ya pili ni wakati wa lipu, ukipima milango na vyoo kwa futikamba. Mara ya tatu ni baada ya samani kuingia, kwa kuwa makabati ya mafaili na masanduku ya karatasi huigeuza korido ya milimita 1500 kuwa ya 700 ndani ya wiki moja. Ukaguzi huu wa mwisho ufanywe na walewale waliopitia mchoro wa penseli: mmoja kwa kiti mwendo, mmoja kwa fimbo nyeupe, wakianzia kituoni.

Mkiwa hapo, fungueni choo kinachofikika muone kama hakijajaa mafagio na ndoo. Mara nyingi kimejaa, na lawama humwangukia mfanya usafi, ilhali mbunifu hakumpa mahali pengine pa kuviweka. Chora stoo ya vifaa vya usafi katika kila ghorofa, yenye bomba lake la maji na mlango wake.